Kusoma Uzamili wa Mawasiliano ya Biashara na Taaluma Ukiwa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi hufundisha somo hili jioni mjini Mombasa, na kila msimu wa kuomba nafasi za masomo unapokaribia, maswali huwa ni yale yale: kutoka kwa makarani wa kampuni za forodha, wasimamizi wa hoteli za Nyali na Bamburi, maafisa wa kaunti, walimu, na watu wa benki ambao wamechoka kuandikiwa ripoti zao na wengine. Majibu yaliyo hapa ni yangu na hayasemi kwa niaba ya chuo chochote. Pale ambapo nina maoni, nimeyaeleza kuwa ni maoni.

Somo hili hasa linahusu nini?

Linahusu namna watu wanavyotumia lugha, iwe ya kuandikwa, ya kusemwa au ya kuchorwa katika majedwali na michoro, ili kazi ifanyike. Mfano wa karibu ni barua ya kumwarifu mteja kwamba kontena lake limezuiliwa katika bandari ya Kilindini kwa sababu jina lililo kwenye hati ya shehena halilingani na lile lililo kwenye ankara. Barua hiyo ina aya tatu tu, lakini ndani yake mna maswali mengi: nani ataisoma kwanza, bosi au karani wake, anatakiwa afanye nini kabla ya siku za uhifadhi wa bure kwisha na gharama kuanza kuhesabiwa, kosa ni la nani, na je, likitajwa kwa namna fulani litachukuliwa baadaye kuwa ni kukiri mbele ya wakili? Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hufundishwa kuiandika barua hiyo vizuri. Katika uzamili huulizwa ni kwa nini barua za namna hiyo zimekuwa na umbo zilizo nalo, umbo hilo linamfaa nani, linamwumiza nani, na ushahidi wake uko wapi.

Je, huku si kujifunza Kiingereza cha ofisini tu?

Hapana, na anayejiunga kwa kutarajia hivyo huondoka mapema akiwa amepoteza karo ya muhula mzima. Sarufi inachukuliwa kuwa unayo tayari.

Kisa ninachokitumia katika kipindi cha kwanza kila mwaka ni cha chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilichopasuka tarehe 28 Januari 1986 sekunde 73 baada ya kuruka na kuua watu wote 7 waliokuwamo. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walikuwa na hofu kuhusu pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hizo, kwa sababu mpira huwa mgumu kwenye baridi na huchelewa kuziba. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameandika waraka wa onyo tangu Julai 1985. Usiku wa kuamkia safari walifanya mkutano kwa simu na kuonyesha karatasi zao, na bado ruhusa ya kuruka ikatolewa. Kiingereza chao hakikuwa na kasoro. Kasoro mojawapo iliyojadiliwa sana baadaye ni kwamba karatasi hizo hazikuonyesha katika mchoro mmoja joto la kila safari iliyotangulia pamoja na madhara yaliyopatikana kwenye pete, zikiwemo safari ambazo hazikupata madhara yoyote. Safari ya baridi zaidi iliyotangulia ilikuwa ya nyuzijoto 12 hivi. Asubuhi hiyo ilikuwa kama 2. Kuna wataalamu wanaosema mchoro mzuri ungeokoa maisha, na wengine wanajibu kwamba wahandisi hawakuwa na takwimu hizo zote mikononi, na kwamba tatizo lilikuwa mamlaka: nani alikuwa na haki ya kusema hapana, na nani alilazimishwa kuthibitisha hatari badala ya mwenzake kuthibitisha usalama. Ukiona mjadala huo unakuvuta, basi somo hili ni lako. Ukiona ni maneno mengi juu ya jambo lililokwisha, kuna kozi fupi za uandishi wa barua na ripoti zitakazokufaa zaidi na kwa gharama ndogo.

Linatofautianaje na uzamili wa usimamizi wa biashara, uandishi wa habari au uhusiano mwema?

Uzamili wa usimamizi wa biashara hukufundisha fedha, masoko, uendeshaji na mikakati, na mawasiliano huwa ni kipindi kimoja au viwili ndani yake. Uandishi wa habari unaangalia umma na vyombo vya habari. Uhusiano mwema unaangalia jina la taasisi mbele ya wadau wake, na nchini Kenya una chama chake cha kitaaluma, PRSK, kilichoundwa mwaka 1971. Mawasiliano ya biashara na taaluma yanaanzia ndani ya kazi yenyewe: mkataba, ripoti ya ukaguzi, kumbukumbu za kikao, maelekezo ya mashine, barua ya kumwachisha mtu kazi. Mipaka hiyo si ukuta, na majina ya kozi hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo usisome jina la shahada peke yake. Omba orodha ya vipindi vyote, uone vingapi vinahusu nyaraka na mazungumzo ya kazini, na vingapi ni vya redio na televisheni.

Nahitaji sifa gani ili nikubaliwe?

Kwa kawaida shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au la pili la chini ikiambatana na uzoefu wa kazi au stashahada ya uzamili. Shahada hiyo si lazima iwe ya mawasiliano. Wanafunzi wangu wazuri zaidi wametoka kwenye uhandisi, uuguzi na uhasibu, kwa sababu wanajua kitu cha kuandikia. Aliyesomea mawasiliano tangu mwanzo mara nyingine ana nadharia nyingi na hajawahi kuona nadharia hiyo ikimgharimu mtu pesa.

Nitajuaje kwamba kozi ninayoiendea ni halali?

Programu za shahada nchini Kenya huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Angalia mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kwamba chuo chenyewe kinatambuliwa, na kwamba programu hiyo mahususi imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na hati yake kamili na bado kikatangaza kozi ambayo haijapitishwa. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, uzamili uko ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10.

Kwa mtu wa Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, nacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi kilipata yake. Pia kuna kampasi za vyuo vyenye makao makuu bara. Kampasi isikubabaishe kwa jina la chuo mama: uliza kama kozi unayoitaka inafundishwa hapa hapa Mombasa hadi mwisho, au ni nusu tu, na nusu nyingine utaambiwa uifuate Nairobi.

Ninaweza kusoma huku nikifanya kazi?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Vipindi vya jioni huanza saa kumi na moja na nusu hivi, na vingine hufundishwa Jumamosi mchana kutwa. Mpango wa kawaida ni mwaka mmoja wa vipindi na mwaka mmoja wa utafiti na tasnifu, lakini mwaka huo wa pili ndio huota mapembe, kwa sababu hakuna ratiba ya darasa inayokusukuma na bosi wako anajua kwamba sasa jioni huna kipindi.

Kuna mambo ya mji huu ambayo hayamo katika kitabu cha mwongozo wa chuo. Anayeishi Likoni ahesabu foleni ya kivuko kama sehemu ya masomo yake. Anayetoka Mtwapa aijue barabara ya saa hizo. Mwezi wa Ramadhani, darasa la saa kumi na mbili halina maana kwa aliyefunga, na chuo chenye busara husogeza vipindi hadi baada ya tarawehe au kuvihamishia mtandaoni. Uliza mapema, kwa sababu nimeona darasa lililopoteza nusu ya wanafunzi wake kwa wiki nne na mtihani ukaja vile vile.

Nadharia zina faida gani kwa mtu wa kazi?

Zina faida kama zilivyo na faida ramani kwa nahodha: hazipigi makasia. Nitataja chache utakazokutana nazo.

Claude Shannon alichapisha mwaka 1948 maelezo ya kihisabati ya namna ujumbe unavyosafiri kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji kupitia njia yenye kelele. Alikuwa mhandisi wa simu na hakujishughulisha na maana ya ujumbe, jambo ambalo walimu wengi waliochukua mchoro wake walilisahau. Mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: “nakuteua”, “naahidi”, “mkutano umefunguliwa”. Kwa mtu anayeandika kumbukumbu za bodi, hilo ni jambo la kila siku, kwa sababu kuna tofauti kati ya “wajumbe walizungumzia” na “wajumbe waliazimia”. Mwanaisimu John Swales, katika kazi yake ya mwaka 1990, alichunguza namna jamii ya watu wa taaluma moja inavyokuwa na aina zake za maandishi, kila aina ikiwa na hatua zake zinazotambulika. Kwa upande wa majanga, Timothy Coombs aliyagawa katika mafungu matatu: yale ambayo taasisi yenyewe ni mwathiriwa, yale ya ajali, na yale ambayo yangeweza kuzuiwa. Akasema jibu la taasisi lifuate fungu, kwa kuwa lawama hupanda kutoka fungu moja hadi jingine.

Halafu yuko mwanaanthropolojia Edward T. Hall na mgawanyo wake wa tamaduni zinazosema mambo waziwazi na zile zinazoacha mengi yaeleweke kwa mazingira. Wanafunzi wa pwani huupenda sana mgawanyo huu kwa sababu unaonekana kuwaeleza: hapa ukiingia dukani au ofisini kwa mtu ukaanza na shida yako kabla hujamjulia hali yake na ya watu wa nyumbani, umeshaharibu. Nawaonya wasiupende kupita kiasi. Mfanyabiashara yule yule wa Mji wa Kale anayekuandalia kahawa kabla ya mazungumzo atamwandikia wakala wa meli ujumbe wa maneno sita usio na salamu hata moja. Je, amebadilika utamaduni kati ya kahawa na simu?

Kiswahili kina nafasi gani katika masomo haya?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe na kila mtu, na huulizwa na wachache. Vipindi na tasnifu huwa kwa Kiingereza. Lakini kazi ya Mombasa haifanyiki kwa Kiingereza peke yake, na sheria inalijua hilo kuliko mitaala yetu.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 47 inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale ambapo uamuzi wa kiutawala umegusa au huenda ukagusa haki yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi la habari kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na inaitaka ofisi husika iamue ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, naye awe na haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Yasome tena maneno hayo: kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Hoteli ya ufukweni inapomwita mpishi msaidizi na kumkabidhi barua ya kurasa mbili ya Kiingereza cha kisheria, je, imemweleza? Mkuu wa wafanyakazi akimfasiria kwa mdomo papo hapo, tafsiri hiyo imeandikwa wapi, na “gross misconduct” imekuwa “utovu mkubwa wa nidhamu”, “kosa zito” au “tabia mbaya”? Kila moja ya tafsiri hizo ina uzito wake, na mpishi atakwenda nyumbani akiwa amelielewa jambo kwa namna tofauti. Huo ni utafiti kamili wa uzamili, nao haujahitaji kutoka nje ya Mombasa.

Isitoshe, pwani hii haikuanza kuandikiana barua za biashara juzi. Wafanyabiashara wa mwambao waliandikiana kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, wakianza kwa dua na sifa za anayeandikiwa, kisha salamu, kisha kumjulisha hali, ndipo neno lenyewe likafuata. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba barua nzuri huanza na kiini cha jambo katika sentensi ya kwanza huziona barua hizo kuwa zimezunguka. Ukizisoma kwa macho ya somo hili utaona kwamba salamu zile zilikuwa zinafanya kazi: ziliweka wazi nani ni nani, deni la heshima liko wapi, na uhusiano uko katika hali gani kabla mali haijatajwa. Aliyekatiza salamu alikuwa ametuma ujumbe tayari.

Ninaweza kuandika tasnifu kwa Kiswahili?

Inategemea idara. Katika idara za Kiswahili ndiyo kawaida. Katika idara za mawasiliano au biashara utahitaji idhini na msimamizi aliye tayari. Njia nyepesi ni kuandika kwa Kiingereza lakini kuchunguza data za Kiswahili na kuziweka kama zilivyo, pamoja na tafsiri. Usifasiri data yako na kuitupa asili. Nimesoma tasnifu ambayo mahojiano yote yalifanyika kwa Kiswahili na hakuna hata neno moja la Kiswahili lililobaki ndani yake.

Nichague mada gani ya utafiti?

Mada nzuri ni ndogo. “Athari za mawasiliano katika utendaji wa mashirika nchini Kenya” si mada, ni wingu. Hizi chache ni za kukufungua macho.

Bandarini, lugha ya redio kati ya meli na nchi kavu ina kanuni zake. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, ambayo ndani yake msemaji anaweza kuutambulisha ujumbe kabla ya kuusema kwa mojawapo ya alama nane: agizo, ushauri, onyo, taarifa, swali, jibu, ombi au kusudio. Mabaharia wa lugha tofauti wanaosikilizana kwa shida huepushwa hivyo na kudhani kwamba ushauri ni agizo. Sasa shuka kutoka melini uende kwenye malori ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo: madereva, makarani na maafisa wa mizani huwasiliana kwa Kiswahili cha simu, kwa ujumbe wa sauti na picha za hati, bila sanifu yoyote iliyoandikwa. Kanuni zipo, maana kazi inakwenda. Nani amezichunguza?

Mnada wa chai wa Mombasa huuza chai ya Kenya na ya nchi za jirani, na bei hutajwa kwa dola. Waonjaji wana msamiati wao wa kueleza rangi, nguvu na uchangamfu wa chai, na maneno hayo machache huamua bei ya jasho la mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka hapa, ambaye huenda hajawahi kuyasikia.

Mada ya mawasiliano wakati wa janga haiko mbali pia. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni na kuzama likiwa na mama na binti yake mdogo, na liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Katika siku hizo taarifa kwa umma zilitolewa mara nyingi, na watu walikesha ufuoni wakizisubiri na kuzipima. Ni data ya umma yenye thamani kwa mtafiti, ila ina wafiwa, na mtafiti asiyeweza kulikumbuka hilo katika kila ukurasa aiache.

Nahitaji kibali gani kabla ya kukusanya data?

Pendekezo lako likishapitishwa na idara, utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Ruhusa ya taasisi unayoichunguza ni jambo jingine tena, nayo huchukua muda mrefu kuliko zote. Anza kuiomba hata kabla pendekezo halijakamilika.

Nyaraka za kazini zina majina, namba za simu, mishahara na magonjwa ya watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu moja kwa moja. Kuondoa majina hakutoshi kila mara. Ukiandika “meneja wa kike wa kampuni ya meli iliyo ghorofa ya tatu barabara ya Moi”, Mombasa nzima imeshamjua.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa barua pepe imetumwa kwao, ni mali yao ya kuchunguza. Mwajiri haoni hivyo. Mwanafunzi mmoja aliandika sura nzima juu ya barua pepe za ofisini kwake kabla ya kuomba ruhusa, akanyimwa, na sura ikaenda na maji.

Ni lazima nijue takwimu?

Za kutosha kusoma jedwali bila kudanganywa. Utafiti mwingi wa somo hili ni wa kimaelezo, ingawa kipindi cha mbinu za utafiti ni cha lazima kwa wote.

Je, ninaruhusiwa kutumia programu za akili unde kuandika kazi zangu?

Soma kanuni za chuo chako, kwa kuwa zinatofautiana na zinabadilika. Kwa maoni yangu, kumpa mashine aandike ripoti katika shahada ya uandishi wa ripoti ni kama kumlipa mtu akuogelee. Lakini kuichunguza mashine ni kazi halali na nzuri: iombe ikuandikie kwa Kiswahili barua ya kumkatalia mteja mkopo, kisha uhesabu ni salamu ngapi imezitafsiri kutoka Kiingereza na ni mahali gani msomaji wa Kisauni angeguna.

Karo nitaitoa wapi?

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, hutoa mikopo hata kwa wanafunzi wa uzamili, na kwa mtu mwenye mshahara hili ni jambo la kufikiriwa kwa sababu marejesho hukatwa kazini. Waajiri wengine hulipa sehemu ya karo kwa sharti la kubaki kazini miaka kadhaa. Lisome sharti hilo kama mwanafunzi wa somo hili, hasa sentensi inayoeleza kitakachotokea ukiondoka.

Kwa masomo ya Uingereza, udhamini wa Chevening hugharamia uzamili wa mwaka mmoja na hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, pamoja na ahadi ya kurudi nchini kwa angalau miaka 2. Udhamini wa Jumuiya ya Madola, ulioanza mwaka 1959, una mafungu yake, mengine yakiwa ya kusoma kwa mbali bila kuhama. Insha za maombi haya ni mtihani wa kwanza wa mawasiliano ya kikazi: swali linauliza ulichofanya, na waombaji wengi hujibu walivyo.

Nisome hapa au nje ya nchi?

Uingereza ni mwaka mmoja na Marekani ni kama miwili. Huko Marekani baadhi ya vyuo bado huuliza mtihani wa GRE, wa kuombea nafasi za uzamili, ingawa vingi vimeuacha. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hukaa miaka 2 tu, usiyafanye mapema mno. Utapata maktaba kubwa na walimu waliobobea. Utakachokikosa ni uwanja: huwezi kuchunguza mazungumzo ya ofisi za Shimanzi ukiwa kwenye theluji. Kwa anayetaka kufanya kazi Mombasa baadaye, ningesema soma hapa, kisha utafute semina au muhula mmoja nje.

Msimamizi wangu hajibu. Nifanyeje?

Hili nalijua kwa machungu yangu mwenyewe, maana mimi pia nilikaa miezi mitano nikisubiri maoni juu ya sura moja, na nilikuwa nikiandika “naomba kukukumbusha” kila baada ya wiki mbili kwa adabu zote. Kilichonisaidia ni kuacha kukumbusha na kuanza kuuliza maswali yanayojibika: “Sampuli ni barua 40 kutoka kampuni mbili. Je, zinatosha, au niongeze kampuni ya tatu?” Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, la neno moja. Weka kumbukumbu ya kila mkutano na umtumie msimamizi muhtasari wake, tarehe zikiwemo. Ikiwa kimya kitaendelea, mwone mratibu wa uzamili wa idara ukiwa na kumbukumbu hizo mkononi.

Shahada hii itanipandisha cheo?

Peke yake, mara chache. Tangazo la kazi linalotaja shahada hii kwa jina ni nadra hapa. Niliowaona wakinufaika ni wale ambao katika mwaka wa pili walikuwa tayari wanaandikiwa na wakuu wao: “hebu pitia hii kabla haijatoka”. Mmoja alikuwa karani wa kampuni ya forodha. Alikusanya barua za madai zilizorudishwa na kampuni ya bima kwa mwaka mzima, akaonyesha kwamba nyingi zilikosa sentensi moja inayotaja tarehe ambayo mzigo ulikaguliwa, akatengeneza fomu ya ukurasa mmoja. Hakupandishwa cheo mwaka huo. Alipewa dawati karibu na dirisha na kazi ya kusoma madai yote.

Nina miezi mitatu kabla ya kuanza. Nijiandae vipi?

Tafuta nyaraka kumi za kazini ambazo si za siri: notisi za ubaoni, matangazo kwa wateja, mialiko ya vikao, fomu. Changanya za Kiswahili na za Kiingereza. Kwa kila moja andika ukurasa mmoja wa nani aliyeiandika, nani anayeisoma, anatakiwa afanye nini akishaisoma, na kama anafanya. Kisha mwonyeshe msomaji mmoja wa kila waraka, mlinzi wa lango au mama wa stoo, umwombe akueleze kwa maneno yake waraka unasema nini, nawe uandike jibu lake neno kwa neno. Njoo nazo darasani siku ya kwanza.